MAZUNGUMZO YA JUMA: Kutoka Kitui Hadi Makindu kwa Ndege



Msomaji mmoja ametuuliza: kutoka kiwanja cha ndege cha Kitui hadi kile cha Makindu, katika Makueni, ni mbali gani, na ndege huchukua muda gani? Swali hili ni jema, nalo lina faida kwa mkulima na karani pia.

Tukipima kwa mstari ulionyoka juu ya ramani, tutapata kilomita 104 hivi, yaani maili 65. Lakini motokaa haiwezi kuufuata mstari huo, kwa maana katikati pana mto Athi, na kando yake uwanda wa juu wa Yatta, uliofanywa na moto wa volkano zamani za kale. Basi msafiri hana budi kushuka kusini hadi Mutomo, avuke Athi, atokee Kibwezi, kisha apande barabara ya Nairobi mpaka Makindu. Mwendo huo wapata kilomita 160. Barabara ya Kibwezi na Kitui ilipokuwa ya vumbi, safari hiyo ilikuwa taabu tupu, hasa wakati wa mvua. Siku hizi ina lami, na safari imekuwa ya saa mbili na nusu hivi.

Sasa tufanye hesabu ya ndege. Ndege ndogo ya injini moja huenda kama kilomita 220 kwa saa. Gawanya 104 kwa 220, utapata dakika 28. Upepo ukiikabili kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wake hupungua kuwa 180, na safari huwa dakika 35. Upepo huo ukiisukuma kutoka nyuma, dakika 24 zatosha. Ongeza dakika chache za kupaa na kutua.

Labda utasema, "Mimi si tajiri wa kukodi ndege, hesabu hii yanihusu nini?" Ndugu yangu, yakuhusu sana. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji walianzisha huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo ni AMREF, ili tiba iwafikie watu wa mbali. Mama atokwaye na damu baada ya kujifungua, au mtu aliyeumwa na nyoka, aweza kuokolewa au kupotea katika tofauti ya dakika 30 na saa mbili na nusu.

Lakini dakika hizo ni za angani tu. Rubani akikuta mbuzi, mashimo au vichuguu katika kiwanja, hawezi kutua. Tena mahali palipoinuka kama kwetu, jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi, na ndege huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kukimbia kabla ya kupaa. Kipande cha kiwanja kilichoharibika ndicho huenda kikahitajiwa siku hiyo.

Kwa hiyo wakulima wanaokaa karibu na viwanja wasivifanye malisho, wala wasiwaruhusu watoto kuvikata njia. Nanyi makarani, mkiona nyasi zimekuwa ndefu au shimo limetokea, andikeni barua kwa wakubwa wa kaunti bila kukawia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.