Ramani ya simu imenifikisha mtoni, daraja liko wapi?

Mhariri,

Naandika miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Shangazi yangu kazikwa jana, nami sikuwepo kaburini. Nilikuwa ng'ambo ya mto, nasikia nyimbo za msibani.

Msiba ulikuwa katika kijiji kimoja bondeni, mashariki ya barabara kuu iendayo Kyela. Mpwa wangu alinitumia lokesheni, akaandika: "Mjomba, bonyeza tu hapo, itakuleta mpaka mlangoni." Nikashuka Katumba saa 4 asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, na wa Rungwe tunajua ikinyesha inakuwaje. Bodaboda wote walikataa, eti huko chini ni utelezi mtupu. Basi nikafungua ramani, nikachagua kile kialama cha mtu anayetembea. Ikasema kilomita 5 na nusu, saa 1 na dakika 12. Maziko yalikuwa saa 7, nikaona muda wa kunywa chai ninao. Nikanywa, tena na chapati mbili.

Kilomita ya kwanza ilikuwa barabara ya vumbi, ingawa vumbi lenyewe siku hiyo halikuwepo. Kisha nikaambiwa nikate kushoto, nikajikuta katikati ya chai. Ni vinjia vya wachumaji, upana wa nyayo mbili, na michai imefumbana. Suruali ililowa hadi kiunoni. Mlinzi akanisimamisha, hapapitwi. Nikamwonyesha simu. Akaitazama kama anayeonyeshwa cheti cha kughushi. "Mzee, aliyechora hii hajawahi kufika hapa." Nikazunguka, na kila nikizunguka, ramani inanirudisha kwa mlinzi yule yule.

Hatimaye nikapata njia inayoshuka migombani. Udongo wetu wa volkano unaotuletea ndizi nzuri, ukilowa ni sabuni. Nilianguka mara tatu, mara ya tatu nikakumbatia mgomba wa watu. Huko chini mto umefurika. Kwenye simu mstari unavuka maji bila wasiwasi wowote. Pale mtoni lilikuwepo gogo moja la mkaratusi, limelala ubavu, basi. Mtoto aliyevaa sare za shule akanipigia kelele kutoka upande wa pili: "Babu, hapo hapapitiki tangu masika ya mwaka jana!" Nikamuuliza wao wanapita wapi. Akanyoosha kidole mlimani, kule kule nilikotoka.

Nilifika saa 10, watu wanakunja maturubai.

Wapo watakaosema mzee, mtu aliyezaliwa Rungwe anaulizaje njia kwenye simu? Nimekaa Dar es Salaam miaka 31 kikazi. Njia za utoto wangu nyingi zimekuwa viwanja vya watu. Na siku ya mvua ile, ningemuuliza nani, migomba?

Simu siilaumu sana, inasema ilichoambiwa. Ninaowalaumu ni wahusika wa hapa nyumbani, wanaojua daraja limekwenda na maji na hawaweki hata ubao wa mkaa unaosema "rudi". Dar es Salaam tangu mwaka 2015 wanafunzi na wakazi, kupitia mradi wa Ramani Huria, walipita kwa miguu mitaa ya mafuriko wakichora mifereji na vichochoro kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Vijana wenye simu hata hapa Tukuyu wamejaa. Tunawaita wageni waje Ziwa Ngosi, waje Daraja la Mungu, waje maporomoko ya Kaporogwe, wapande Mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000. Ikiwa mimi ninayeweza kuomba maji kwa Kinyakyusa nimepotea kilomita 5, huyo mgeni atatokea wapi?

Halafu kuna hili la anwani za makazi. Mwaka 2022, kabla ya sensa, tuliandikiwa namba milangoni tukaambiwa sasa kila nyumba inajulikana. Yangu inayo. Wiki iliyopita aliyeniletea mzigo kapiga simu mara nne: "Uko karibu na nini?" Nikamtajia namba, akacheka. Nikamtajia mwembe, akafika.

Waheshimiwa nao siku za kampeni hawapotei. Kijiji kile kile nilichokifikia kwa magoti, wao walikifikia na magari na spika, na picha zao zipo kwenye kila mti wa njia panda hadi leo. Nilizihesabu 7 kabla ya kuona kibao kimoja cha njia, nacho kimeanguka. Wangeandika tu mshale chini ya hizo tabasamu zao, tungewapigia kura tukijua tunakokwenda.

Arobaini ya shangazi ni mwezi ujao. Nitapita barabara kubwa, hata kama ni kuzunguka nusu siku. Msomaji mwenye gari atakayenikuta Katumba asubuhi hiyo, naomba lifti.

Mstaafu,
Tukuyu