Historia ya Pwani Haikuletwa na Jahazi

Bado wako miongoni mwetu, sisi walimu wa Kiswahili wa nchi zilizo mbali na bahari, wanaoifungua historia ya Pwani kwa maneno yale yale: walikuja wageni kutoka Uajemi na Arabuni, wakajenga miji, na lugha ikazaliwa. Mwanafunzi asomeshwaye hivyo ataachaje kuamini kwamba Kiswahili ni mali ya kuazima? Somo hilo yafaa tulikatae, na shahidi wetu wa kwanza awe nchi yenyewe.

Tutazame Shanga, kisiwani Pate, karibu na Lamu. Uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu walikaa hapo tangu karne ya 8 katika nyumba za miti na udongo; hata misikiti yao ya awali ilikuwa ya miti. Majengo ya mawe yalifuata baadaye, mahali pale pale. Na mawe hayo yalitoka wapi? Ni matumbawe, ambayo yakitolewa baharini hukatika kwa wepesi, kisha hugumu yakikauka. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haikuzidi sana mita 3, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Ni nani basi aliyeipimia nyumba ya Mswahili upana wake, kama si mkoko wa hori lake?

Tutajibiwa kwamba masimulizi ya Kilwa yanawataja Washirazi. Ni kweli, wala hatuna haja ya kuwakana. Utafiti wa chembe za urithi kutoka makaburi ya Pwani, uliochapishwa mwaka 2023, umeonyesha kuwa tangu mnamo mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Lakini kaskazi iliyowaleta iliwakuta wenyeji wana makao, wana vyombo vya baharini, wana lugha. Watoto wakashika lugha ya mama, nayo ni ya Kibantu hata leo.

Walimu wenzangu, tuanze somo hili kwa mkoko, tumbawe na upepo. Mgeni naye atatajwa kwa heshima zamu yake itakapofika. Ila asiitwe mwenye nyumba.