Beni na Butembo: mheshimiwa wa jimbo bila bunge, anafanya kazi gani?

Tangu mwisho wa Januari 2025, Beni ni makao makuu ya muda ya jimbo la Kivu Kaskazini. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, gavana wa kijeshi Jenerali Peter Cirimwami aliuawa katika vita hivyo, na Rais Félix Tshisekedi akamteua Jenerali Evariste Somo Kakule kuchukua nafasi yake. Ofisi zikahamia Beni. Kwa miaka mingi mkaazi wa Butembo mwenye shida na serikali ya jimbo alilazimika kwenda Goma, zaidi ya kilomita 300, kwa barabara inayopita ndani ya mbuga ya Virunga na yenye sifa mbaya, au kwa ndege kama alikuwa na uwezo. Leo gavana yuko kilomita 54 tu kutoka kwake.

Kitu kimoja hakikuhama pamoja na gavana, nacho ni bunge la jimbo. Halikuwa na kitu cha kuhamisha, kwa sababu kazi yake ilikwisha kusimamishwa Mei 2021.

Watu wa Beni na Butembo wanawajua wabunge wao wa jimbo kwa majina na kwa sura. Wanawaona kwenye misiba, na misiba katika eneo hilo haijapungua tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na ADF yalipoanza kuzunguka mji wa Beni. Wanawasikia redioni wakilaani shambulio la jana. Wanawaita "mheshimiwa" na kuwapisha mbele kwenye viti vya wageni. Lakini ukimwuliza mwenye duka wa Kimemi au mkulima wa kakao wa Mulekera ni sheria gani ya jimbo ambayo mheshimiwa huyo ameipitisha, au ni waziri gani wa jimbo aliyemwita ajieleze, utamwona anacheka. Swali lenyewe limekuwa geni.

Inafaa kukumbuka jinsi kiti hicho kilivyopatikana. Desemba 26, 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba wapiga kura wa mji wa Beni, wilaya ya Beni na mji wa Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola, iliyokuwa imetangazwa Agosti mwaka huo Mangina, na usalama mdogo. Zaidi ya watu milioni moja, wakihesabiwa pamoja na wale wa Yumbi upande wa magharibi, waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019. Desemba 30 watu wa Beni walijipanga mistari wakanawa mikono na kupigia kura masanduku waliyoyatengeneza wenyewe, kuonyesha kwamba mtu anayeweza kwenda sokoni na kanisani wakati wa Ebola anaweza pia kupiga kura. Kura hizo hazikuhesabiwa katika matokeo rasmi. Januari 24, 2019 rais mpya aliapishwa. Machi 31 Beni na Butembo walipiga kura ya wabunge tu, rais akiwa tayari ofisini kwa miezi miwili.

Kwa hiyo wabunge wa jimbo waliochaguliwa siku ile walikuwa na uzito wa pekee. Wao na wenzao wa Bunge la Taifa walikuwa kitu pekee ambacho watu hawa walipewa katika uchaguzi mzima. Walikwenda Goma, wakashiriki kumchagua gavana Carly Nzanzu Kasivita, wakaanza kazi. Walifanya kazi hiyo kwa miaka miwili.

Mei 3, 2021 rais alitangaza hali ya dharura ya kijeshi, ile inayojulikana na kila mtu kama état de siège, kwa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Mei 6. Wengi Beni waliipokea kwa matumaini, na hilo lisisahaulike. Wiki chache kabla, wanafunzi wa shule walikuwa wamepiga kambi kwenye uwanja wa ofisi ya meya wakidai rais aje aone wanavyouawa. Mtu aliyezika ndugu zake hakuwa na hamu ya kutetea bunge la jimbo. Gavana wa kiraia aliondoka, jenerali akaingia. Mameya wa Beni na Butembo wakawa maafisa wa polisi. Serikali ya jimbo na bunge la jimbo vikasimamishwa. Katiba inasema hali kama hiyo ni ya siku 30, na baada ya hapo inaongezwa kwa siku 15 kwa idhini ya bunge huko Kinshasa. Imeongezwa siku 15 kwa siku 15, mwaka baada ya mwaka.

Mauaji hayakukoma. Novemba 2021 jeshi la Uganda liliingia kusaidiana na FARDC dhidi ya ADF, na mwezi huohuo vijana 13 wa LUCHA walikamatwa Beni kwa kuandamana kupinga kuongezwa kwa état de siège.

Hapa ndipo maisha ya kisiasa ya mbunge wa jimbo yanapopaswa kutazamwa bila huruma. Mtu huyu alinyang'anywa kazi, sawa. Lakini alifanya nini baada ya kunyang'anywa? Wapo waliopiga kelele, na baadhi yao walipata matatizo kwa kelele hizo. Lakini wengi walichukua njia ya Kinshasa. Walitafuta nafasi katika ofisi ya waziri fulani, wakabadilisha vyama kuelekea upande wa serikali, wakajiandaa kwa kiti cha Bunge la Taifa. Desemba 20, 2023 uchaguzi ulifanyika tena Beni na Butembo, wakati Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Picha za wagombea wa ubunge wa jimbo zilijaa kuta kuanzia Bungulu hadi Vulamba. Watu walikuwa wanagombea kuingia katika chumba kilichofungwa, na kila mmoja wao alilijua hilo.

Kwa nini mtu atumie pesa zake kugombea kiti kisichokaliwa? Kwa sababu katika siasa za Grand Nord, kiti hutumika kama ngazi ya kupandia, na mtu akishafika juu huwa hakumbuki ngazi.

Njia hiyo ina historia ndefu. Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa mkubwa wa Wanande wakati wa mwisho wa Mobutu, aliuawa Butembo Januari 1993. Mdogo wake, Antipas Mbusa Nyamwisi, aliitawala Beni kwa bunduki wakati wa vita, kama kiongozi wa RCD-K/ML, kisha akaingia serikalini Kinshasa mwaka 2003 kwa mapatano ya amani. Mwaka 2006 aligombea urais, akajitoa kumwunga mkono Joseph Kabila, na Kivu Kaskazini ikampa Kabila kura kwa wingi mkubwa. Malipo yake yalikuwa wizara ya mambo ya nje. Mwaka 2011 aligombea tena, safari hii dhidi ya Kabila, akapata chini ya asilimia mbili. Akaenda uhamishoni. Mwaka 2013 Bunge la Taifa lilimvua kiti chake cha ubunge kwa sababu hakuhudhuria vikao. Machi 2023 akarudi serikalini kama waziri wa ushirikiano wa kikanda chini ya Tshisekedi.

Katika safari hiyo yote ya miaka 20, ni mahali gani ambapo mtu wa Beni alimwona Mbusa akifanya kazi ya mbunge, maana yake kusimama, kuuliza, kudai hesabu, kuandika sheria? Wafuasi wake wanamsifu kwa mengine. Wanasema aliulinda mji, kwamba alikuwa na simu ya rais. Hicho ndicho kipimo ambacho wapiga kura wenyewe wamezoea, na wanasiasa wanajua kukitumia. Kwa kipimo hicho mbunge mzuri ni yule anayeweza kumfikia mkubwa.

Julien Paluku Kahongya alipita njia tofauti kidogo. Yeye aliinuliwa na bunge la jimbo lenyewe. Ndilo lililomchagua gavana Januari 2007, na akakaa kwenye kiti hicho hadi 2019. Miaka hiyo 12 inaweza kukosolewa kwa mengi, kwa sababu mauaji ya Beni yalianza akiwa gavana na hakuyamaliza. Lakini walau kulikuwa na chumba Goma ambamo mtu aliweza kumwita gavana na kumwuliza pesa zimekwenda wapi. Tangu 2019 yeye pia ni waziri Kinshasa, kwanza wa viwanda, sasa wa biashara ya nje.

Atakayesema haya ni malalamiko ya wanasiasa waliokosa posho ataambiwa aende Kasindi. Mpaka wa Kasindi, katika wilaya ya Beni, ni mmoja wa milango mikubwa ya forodha upande wa mashariki. Malori ya Butembo yanapita pale na mafuta, saruji, nguo na vyuma. Ibara ya 175 ya Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo yabaki katika jimbo hilo, yakikatwa kwenye chanzo. Kila mtu anajua kwamba hilo halijatekelezwa kikamilifu tangu Katiba ianze kutumika mwaka 2006. Kudai pesa hizo, na kuuliza zile zinazofika zimetumikaje, ilikuwa kazi ya bunge la jimbo. Bajeti ya jimbo ilitakiwa kupitia mikononi mwao. Barabara ya Kasindi, Beni hadi Butembo ilianza kujengwa kwa mapatano kati ya Kinshasa na Kampala wakati bunge hilo limesimamishwa. Barabara ni kitu kizuri, na hakuna mwendesha pikipiki atakayeilalamikia. Lakini hakuna mtu aliyechaguliwa na watu wa Beni katika ngazi ya jimbo aliyepata nafasi ya kuuliza itapita kwenye mashamba ya nani, na wenye nyumba zitakazobomolewa watalipwa kiasi gani.

Ngazi ya chini nako hali ni hiyohiyo. Uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Beni na Butembo hazikuwemo. Meya ameteuliwa, bourgmestre ameteuliwa, gavana ameteuliwa. Kuanzia ofisi ya kata hadi ofisi ya jimbo hakuna mtu anayeshika madaraka kwa sababu wakaazi walimchagua. Ndiyo maana hasira ya Butembo inatoka kwa njia ya ville morte, maduka kufungwa na mawe barabarani. Watu wanafunga maduka yao wenyewe, wanajinyima mapato yao wenyewe, kwa sababu hawana chumba cha kupelekea swali.

Wabunge wa taifa kutoka huko wana sehemu yao ya lawama, tena kubwa. Mara kadhaa wabunge wa Kivu Kaskazini na Ituri walisusia vikao vya kuongeza état de siège. Kususia kunasikika vizuri redioni, lakini nyongeza ilipita bila wao, na wiki mbili baadaye ikapita tena. Agosti 2023 liliitishwa kongamano Kinshasa kujadili hali hiyo, na wengi waliotoka majimbo hayo mawili walitaka iondolewe. Oktoba mwaka huo rais alitangaza kuilegeza polepole. Hakuna mbunge wa Beni au Butembo aliyejiuzulu kwa sababu ya polepole hiyo. Siku ya kuunda serikali mpya ilipofika, simu zao zilikuwa wazi.

Wapo wanaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa mabunge, na M23 wakiwa wameshika Goma hoja hiyo imepata nguvu mpya. Ina ukweli wake: hakuna anayetaka mjadala wa siku tatu wakati adui yuko Lubero. Lakini bunge la jimbo haliamuru vikosi na halijawahi kuviamuru. Kazi zake ni bajeti, shule, barabara, masoko, kodi za vitambulisho na vibali, na wakimbizi wa ndani waliojaa kwenye familia za Beni na Butembo wakila chakula cha wenyeji wao. Hayo yote yanaendelea vita ikiwepo, na pesa zake zinakusanywa vita ikiwepo. Jenerali anaweza kuwa mwaminifu na hodari, lakini anatoa hesabu kwa aliyemteua.

Na sasa kisingizio cha umbali hakipo. Gavana yuko Beni. Wabunge wa Beni, Butembo na Lubero wanaweza kufika mbele yake asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Hawahitaji état de siège iondolewe ndipo waandike pamoja barua moja yenye maswali matano: Kasindi imeingiza kiasi gani, jimbo limepata kiasi gani, wakimbizi wametengewa nini, walimu wa maeneo yaliyokimbiwa wanalipwa wapi, na nani anakagua. Hawahitaji ukumbi ili kuisoma barua hiyo redioni kwa Kiswahili na Kinande, pamoja na majibu watakayopewa au kutokuwepo kwa majibu. Muhula walioombea kura Desemba 2023 ni wa miaka mitano. Barua ya namna hiyo, yenye sahihi zao wote, wapiga kura wa Mulekera bado hawajaisikia ikisomwa.