Tairi Lako Lina Umri Gani?

Ndugu mwananchi mwenzangu, tairi la gari lako limezaliwa lini?

Usidhani natania. Umri wa watoto wetu tunaujua, na siku ya bima kuisha tunaijua. Lakini viatu hivi vya gari, vinavyobeba familia nzima kwenda kijijini kila Desemba, wengi wetu tunavipima kwa kitu kimoja tu: kashata. Zikiwa nene, tunatoa pesa.

Nami nilizitoa hivyo hivyo. Toyota IST yangu ilihitaji matairi mawili ya nyuma, nikachukua ya mtumba, ya jina kubwa la Kijapani, kashata zimesimama, yamepakwa rangi yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Haikupita miezi minne, kati ya Morogoro na Mikumi, jua la saa nane, moja likapasuka. Tulikuwa watano ndani. Gari liliyumba, Mungu akatuvusha.

Fundi pancha aliyekuja kutusaidia hakuanza na jeki. Alichuchumaa, akasugua ubavu wa tairi kwa kidole, akaniuliza, "Mzee, hapa ulipaona?" Palikuwa na tarakimu nne: 1409. Yaani wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi langu "zima" lilikuwa na miaka kumi na miwili.

Tarakimu hizo zipo mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Pengine huandikwa upande mmoja tu, na upande huo ukawa umegeuziwa ndani, hivyo itakubidi uiname. Ukikuta tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Mrudishie muuzaji kwa heshima zote. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Joto, jua na hewa huukausha, nyufa zikaanza, na kashata bado nene.

Baada ya hapo nilinunua mapya ya bei nafuu, jina lake hata kulitamka kunanishinda. Yamenifikisha mbali bila ugomvi. Jirani yangu mwenye gari kama langu alinunua ya jina hilo hilo, na leo hataki hata kuyasikia. Nani mkweli?

Wote wawili. Mimi natembea kwenye lami, napima upepo kila baada ya wiki mbili. Yeye kila siku yuko kwenye barabara ya kokoto, abiria wamejaa na gunia liko nyuma. Tairi ni lile lile, maisha ni mengine.

Ndiyo maana nina ombi. Tunapoambizana habari za matairi, pale gereji au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tusiishie kwenye "zuri" na "bovu". Tuseme na saizi, mwaka lilipotengenezwa, barabara, mzigo, na kilomita lilizokwenda. Je, ni mengi? Ni sentensi mbili tu, na zinaweza kumwokolea shemeji yako laki kadhaa.

Hata tairi linalotupwa lina ushahidi. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha pembeni kote kuwili, upepo ulipungua. Likiisha upande mmoja tu, mara nyingi magurudumu hayakunyooka, na hata ukinunua la bei gani litaliwa vile vile. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea.

Wewe unayesimamia magari ya ofisi au ya shule, huna daftari la matairi? Anzisha moja, hata la kurasa arobaini, na dereva wako aandike mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayeyajua.

Na mafundi wetu, ambao mikono yao naiheshimu sana: mteja akija na tairi kipara akaomba mlichonge kashata upya, mwambieni kwa upole kwamba kisu hakiongezi mpira, kinaupunguza. Atawaelewa.

Kuna jambo linalobishaniwa kila nikilitaja. Ukimudu mawili mapya tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye mvua ya masika, matairi ya mbele yakiteleza utalihisi kwenye usukani na utapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka lenyewe kabla hujajua.

Leo jioni, kabla ya chakula, mwite mtoto anayejua kusoma namba, mpe tochi ya simu, mzunguke gari pamoja. Mwache akusomee zote nne. Kisha fungueni buti, mtoe yale mabegi, mlisome na lile la akiba.