Tanga Kubwa Wakati wa Kusi



Kila mwaka karafuu zinapokaribia kuiva twahitaji chakula cha wachumaji, na wengi wetu huvuka kwenda kununua mahindi Handeni na maharage sokoni Korogwe. Gari huyafikisha magunia mjini Tanga, na mwenye fedha kidogo hupakia jahazi kuja Wete. Safari hizo huangukia Juni hadi Agosti, na hapo ndipo kusi huvuma kwa nguvu zake zote.

Twaandika haya kwa sababu lawama ni yetu wenye mizigo. Nahodha akitaka kufunga tanga dogo, sisi ndio wa kwanza kununa: "Tutafika lini?" Msimu uliopita baadhi yetu tulimshurutisha nahodha hivyo hivyo. Chombo kikalala ubavu, maji yakaingia, na mahindi tuliyoyahangaikia Handeni siku nne tukayatupa baharini kwa mikono yetu. Watu walisalimika, Alhamdulillahi.

Mkulima asiye baharia yafaa ajue: tanga la jahazi halikunjwi likapungua. Sharti foromali iteremshwe, tanga lifunguliwe, lifungwe jingine. Kazi hiyo ni ya bandarini, si ya katikati ya mawimbi na watu wanafua maji. Tena kulipindua tanga kubwa katika upepo mkali kwaweza kuuvunja mlingoti.

Wako wasemao tanga dogo mno nalo lina hatari, na twakubali. Kutoka Tanga kuja Wete ni kwenda mashariki. Kusi hupiga upande wa kulia, na mkondo wa maji huvuta kaskazini. Chombo kisicho na nguvu huchukuliwa kuelekea Kenya. Basi hatusemi dogo kuliko yote. Twasema la kadiri, na magunia yapungue. (Hili la magunia ndilo zito kwetu, twajua.)

Kwa hiyo twaomba mwanachama asilipe nauli kabla hajauliza kama chombo kina tanga la pili. Akishapakia, anyamaze. Nahodha aitazame bahari, achague mwenyewe, na akisema tungoje, tungoje.

Kungoja kuna gharama ya ghala na ya chakula. Twapendekeza chama kiichangie, na hesabu yake tutaileta mkutano ujao.