Roho ya Mtu na Mchezo Mmoja

Usiku wa kuamkia Januari 15, 2023, huko Marekani, Chuo Kikuu cha Georgia kilikuwa kimetoka kusherehekea ubingwa wa mpira wao. Gari ikaacha njia. Akafa mchezaji, akafa na mwanamke mfanyakazi wa timu aliyekuwa akiiendesha. Damu yake ilikutwa na ulevi zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sharia.

Utadhani walikoma. Machi 2024 mchezaji mwingine akakamatwa kwa tuhuma ya kuendesha amelewa. Shitaka la ulevi likaondolewa, likabaki la kuendesha ovyo. Timu ikamweka nje mchezo mmoja. Wiki ya pili yumo uwanjani.

Hebu niambie, roho ya mtu hupimwa kwa michezo? Kwetu ulevi ni haramu, kidogo chake na kingi chake, lakini leo sisemi hilo; namsemea mpita njia asiye na timu. Nimefundisha watoto miaka mingi: mtoto huijua upesi adhabu ya kumtengeneza na ile ya kuwanyamazisha watu. Sisemi afukuzwe chuoni. Asome, lakini jezi aivue msimu mzima, na ufunguo wa gari akae nao kocha. Wakikosa kombe, na wakose.