Pointi 73, kisha akajifunza kutoa pasi

Januari 1981, kijana wa miaka 22 kutoka Nikaia, kitongoji kilicho jirani na bandari ya Piraeus, aliifungia timu yake ya Ionikos pointi 73 katika mechi moja. Mstari wa pointi tatu ulikuwa bado haujaingia katika kanuni za kimataifa za mpira wa kikapu, kwa hiyo alizikusanya mbilimbili, na mojamoja kwa mitupo ya adhabu. Upande wa pili, Nikos Galis wa Aris Thessaloniki alifunga 62. Matokeo yakawa Aris 114, Ionikos 113. Panagiotis Giannakis alikwenda kulala akiwa na pointi 73 na kipigo.

Mechi hiyo hunijia kila ninaposikia ubishi kuhusu nani anafaa kuwa kocha. Huku kwetu ubishi huo haulali. Kocha akifungwa mechi mbili mfululizo, kijiweni utasikia: huyo hata mpira hajacheza, atamfundisha nani? Aletwe aliyecheza, naye afungwe, utaambiwa kucheza ni kitu kimoja na kufundisha ni kitu kingine kabisa. Wasemaji ni walewale, na kahawa ni ileile.

Wagiriki wana kesi ya kutusaidia, na ni ya huyo Giannakis. Mwaka 1984 alihamia Aris, kwa Galis yuleyule. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa, na siri yake ni kwamba mmoja alikubali kupunguza pembe. Galis aliendelea kufunga kama kawaida yake. Giannakis, aliyekuwa mfungaji mkuu kwao, akawa mtu wa kupanga mashambulizi, kumkaba mchezaji hatari wa wapinzani na kumfikishia mwenzake mpira pale anapoutaka. Aris ilichukua ubingwa wa Ugiriki mara 7 mfululizo, kuanzia 1985 hadi 1991. Mwaka 1987, Giannakis akiwa nahodha wa timu ya taifa, Ugiriki iliifunga Muungano wa Kisovyeti 103-101 baada ya dakika za nyongeza na kuwa bingwa wa Ulaya, palepale Piraeus. Galis alifunga 40. Mitupo ya adhabu iliyoamua mechi, zikiwa zimebaki sekunde 4, ilirushwa na Argyris Kambouris, mtu wa kazi za chini ya kikapu ambaye hakuwa nyota wa kikosi.

Hapo ndipo ninapoiona shule ya ukocha ya Giannakis. Anayefunga 40 kila wiki hana haja ya kujiuliza kwa nini mwenzake leo hapati mpira. Anayempa mpira hujiuliza swali hilo usiku na mchana, na kazi ya kocha ni kujiuliza hivyo kwa ajili ya watu 12. Sioni ajabu kwamba Galis, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Ugiriki, hakujenga jina kwenye benchi, na Giannakis akalijenga.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Alitundika viatu 1996, mwaka aliotwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya akiwa na Panathinaikos, na muda si mrefu akakabidhiwa timu ya taifa. Mlango huo ulifunguliwa na jina, kwa maana uzoefu wa ukocha alikuwa hana. Katika Kombe la Dunia la 1998, lililochezwa Athens, Ugiriki ilimaliza ya nne. Kwa maoni yangu, kocha mwenyewe aliiva baadaye, katika miaka ya Maroussi, klabu isiyo na ukubwa wa Panathinaikos wala Olympiacos, ambako huwezi kununua suluhisho la kila tatizo.

Alipokabidhiwa tena timu ya taifa mwaka 2004, matunda yalionekana. Septemba 2005, mjini Belgrade, Ugiriki iliitoa Ufaransa 67-66 katika nusu fainali ya ubingwa wa Ulaya, kisha katika fainali ikaifunga Ujerumani ya Dirk Nowitzki 78-62. Mwaka mmoja baadaye, Saitama nchini Japani, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikakutana na Marekani ya LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Tazama walivyocheza. Sofoklis Schortsanitis, pande la mtu aliyezaliwa Kameruni, anakwenda kusimama kama ukuta kwenye njia ya mlinzi wa Kimarekani. Theodoros Papaloukas anapita ubavuni na mpira. Walinzi wawili wakimkimbilia, Sofoklis anageuka kuelekea kikapuni na pasi inamkuta. Wakibaki na Sofoklis, Papaloukas anaingia mwenyewe au anamtafuta aliyeachwa pembeni. Wakairudia, wakairudia tena, na Wamarekani hawakupata dawa. Ugiriki 101, Marekani 95. Hakuna Mgiriki aliyehitaji kufunga 73; aliyeongoza, Vassilis Spanoulis, alikuwa na 22.

Siku mbili baadaye timu hiyohiyo ilifunga pointi 47 tu katika fainali na kuchapwa na Uhispania iliyomkosa Pau Gasol aliyeumia. Wanaosema Giannakis alikuwa na dawa moja tu wana ushahidi wa kuonyesha. Olympiacos nako alifika fainali ya EuroLeague, yaani ubingwa wa vilabu vya Ulaya, mwaka 2010, akalala 86-68 mbele ya Barcelona.

Kuna ushahidi mwingine unaouma zaidi kwa wanaoamini majina. Spanoulis alitwaa EuroLeague mara tatu kama mchezaji. Ile ya 2013 aliipata Olympiacos chini ya Georgios Bartzokas, ambaye goti lilimstaafisha mapema na ambaye hakuna aliyekuwa akimwimba viwanjani. Bartzokas akawa kocha wa kwanza Mgiriki kutwaa kombe hilo. Kwa hiyo yule nyota aliyefundishwa na nahodha wa 1987 alifundishwa pia na mtu asiyekuwa na jina, na kwa wote wawili alishinda.

Sasa Spanoulis naye ni kocha. Alianzia klabu ndogo ya Peristeri mwaka 2022, si Olympiacos ambako mashabiki wangembeba mabegani, na huo ndio uamuzi wake ninaouheshimu kuliko yote. Kisha ikaja timu ya taifa, iliyorudi kwenye Olimpiki mwaka 2024 baada ya kukosekana tangu 2008, na klabu ya Monaco, aliyoifikisha fainali ya EuroLeague ya 2025 na kushindwa na Fenerbahçe. Septemba 2025, mjini Riga, Ugiriki iliifunga Finland 92-89 na kuondoka na shaba ya Ulaya.

Kwangu mimi jina halimzuii mtu kuwa kocha, wala halitoshi kumpa timu. Kabla ya kumkabidhi nyota benchi, ningeuliza aliwahi kucheza kwa faida ya nani zaidi yake, na kama yuko tayari kuanzia kwenye timu ndogo. Spanoulis amejibu swali la pili vizuri, na shaba anayo. Dhahabu ya Ulaya Ugiriki inazo mbili tu, ya 1987 na ya 2005, na Giannakis yumo katika zote mbili.